Wanakwaya Watolewe Kwanza

Mtaani Kamalondo, ndani ya duka la vitenge, mwenye duka alikuwa akishangilia simu mkononi: tangazo lake limejaza wageni kwenye tovuti ya duka. Binti aliyemtengenezea tangazo akawagawa wageni hao kwa makundi kulingana na walikotokea, halafu akauliza:

"Mama, aba ba WhatsApp ya chorale, nibatoe mu hesabu?"

"Ile ni ba dada yangu ba kanisa!"

"Banafungua juu ya kukupenda tu. Tukibaacha, hatutajua kama publicité inafanya kazi."

Mama akakikunja kitenge alichoshika, akakipiga kofi.

"Batoe. Na bwana yangu umutoe, ule anafungua kila asubuhi."

Nami ninayeandika safu hii, gazeti linanihesabia wasomaji wa mtandaoni. Nimewatoa ndugu wote, akabaki mama yangu peke yake. Huyo nikimtoa, nitamwandikia nani?