Chumba cha Chaki Juu ya Bucha

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, Nasteho Sakariye amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anachora vitanda viwili kwa chaki. Amekusanya pindo la dera lake kwa mkono mmoja ili lisifute mistari. Chini yake, kwenye bucha la ghorofa ya chini, shoka linapasua mifupa, na kila linapotua sakafu inatetemeka kidogo.

Anachora mlango. Anachora choo ambacho mtu mnene ataingia kwa ubavu. Mwisho anachora dirisha la duara, ingawa dirisha lililolala sakafuni halimwonyeshi mtu chochote.

"Wateja wanapenda kuliona," anasema. "Nisipoliweka wanasema nimewauzia stoo."

Hicho ni chumba cha meli ya kitalii, kwa vipimo vyake halisi, na kimechorwa Majengo, mjini Meru, ambako wengi bahari wameiona kwenye kalenda tu. Nasteho ni wakala wa safari. Ana miaka arobaini na moja, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga meli.

Kando ya ukuta ameketi mteja wake wa leo, Ednah Kaimenyi, mwalimu mstaafu kutoka Kaaga, mwenye miaka sabini na mbili. Miguuni pake kuna sanduku la kijivu. Saa sita mchana wawili hawa wanatakiwa kuondoka kwenda Mombasa, wakapande meli inayotarajiwa kutia nanga huko Jumatano. Inatarajiwa tu. Kampuni imeahidi kuthibitisha asubuhi hii, ndiyo maana Nasteho anachora huku simu ikiwa imelala karibu na goti lake.

Ednah ndiye aliyeomba chumba kichorwe. Alitaka kukiona mara moja tena kabla ya kwenda.

"Leo chora kitanda kimoja, mwari," anamwambia, kwa neno ambalo wazee wa Meru humwitia binti yao. Nasteho anachukua kitambaa chenye maji na kufuta kitanda cha pili polepole.

Nasteho alizaliwa mitaa miwili kutoka hapa. Baba yake alikuwa msafirishaji wa mirungi kutoka Maua, mtu wa kulala barabarani, na bintiye alikua akiamini kwamba kazi ya maana ni ile inayomtoa mtu nyumbani. Alianza kwa kuuza tiketi za ndege kwa vijana waliopata kazi za Ghuba, akaingia kwenye safari za umra, na miaka sita iliyopita akaongeza meli za kitalii, wakati ambapo hakuna mtu mwingine mjini aliyezifikiria.

Chaki ilianza kwa sababu ya ugomvi. Mfanyabiashara mmoja wa Maua na mkewe walirudi kutoka safarini wakiwa wamenuna, wakamwambia amewalipisha hoteli akawalaza kwenye nyumba ya kuku. Tangu siku hiyo hauzi chumba bila kukichora. Mteja anaingia, anajilaza, anageuka, anajua anachonunua.

Mwezi ukiwa mzuri hubaki na kama shilingi elfu thelathini na tano baada ya kulipa kodi ya ofisi. Mwaka huu uliopita miezi mizuri imekuwa miwili. Sehemu ya lawama ni ya vita: tangu meli zianze kuikwepa Bahari ya Shamu kwa kuogopa makombora, nyingine huzunguka Afrika nzima kwa kusini, nyingine hufuta bandari njiani kadiri zinavyoona. Kila asubuhi, kabla ya chai, Nasteho husoma habari za bandari ambazo hapo zamani hata majina yake hakuyajua.

Sehemu nyingine ya lawama watu wa Meru wameibwaga juu yake, na haikatai.

Februari mwaka jana, Mwalimu Kaimenyi, mume wa Ednah, alipanda ngazi hizi akiwa na koti la sufu na kofia mkononi. Walikuwa wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Alivua kofia, akajilaza kwenye kitanda cha chaki na viatu vyake, akakunja mikono kifuani na kufumba macho. Ednah alicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu akafumbua jicho moja akasema kitanda kinatosha, ila jirani ana kelele, akimaanisha bucha.

Huko Kaaga mtu haondoki kimyakimya kwenda safari kubwa namna hiyo. Kanisa lilikuja nyumbani kuwaombea. Mbuzi alichinjwa, na Mwalimu alimtafuta Abdishakur, mchinjaji wa hapo chini buchani, aende amchinje ili Nasteho naye ale. Nasteho alikula. Walimu waliofundisha na Mwalimu walisimama mmoja mmoja kutoa shukrani. Watoto wa shule ya Jumapili waliimba, sanduku likabebwa na mzee wa kanisa hadi kwenye gari, na msafara wa magari matano ukawasindikiza hadi nje ya mji huku honi zikilia.

Wazee hao walikuwa wamefika Embu, wanakunywa chai hotelini, Nasteho alipopokea ujumbe wa kampuni huku ofisini. Meli isingepita Mombasa. Fedha zingerudishwa zote. Alipiga simu papo hapo.

"Nilimwambia, Mwalimu, meli haiji. Akaniuliza, sasa mimi nitarudi Kaaga niseme nini? Wameomba, wamekula, wamenisindikiza. Nirudi na sanduku jioni hiyo hiyo?"

Nasteho alimwambia arudi tu, watu wataelewa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuamua. Huko Ishiara, kwenye joto la Mbeere, aliishi mwalimu mwenzake wa zamani aitwaye Kivuti. Wangekaa kwake hadi tarehe ambayo meli ingewarudisha, kisha warudi nyumbani kama wasafiri wengine. Kaaga wangeambiwa ukweli baadaye, kidogokidogo, ukishageuka kichekesho.

Alimwomba Nasteho jambo moja: wao wangezima simu, kwani melini mtandao ni wa shida, na mtoto wao akiuliza, amtulize.

Ukikaa na Nasteho utaona kwamba hapa ndipo sauti yake hupungua. Angeweza kukataa. Anasema alimheshimu mzee, na anasema pia, bila kuulizwa, kwamba aliogopa habari za safari iliyovunjika zisiwafikie wateja wengine. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nyumba ya Kivuti ina paa la mabati na dari hakuna. Mwalimu, mtu wa baridi ya mlimani na mgonjwa wa presha, alishinda ndani na madirisha yamefungwa, kwa sababu soko la Ishiara huleta wachuuzi kutoka Meru na yeyote kati yao angemtambua. Ednah alimsihi akae hata kivulini nje. Akasema atakaa nje akifika Zanzibar.

"Alisema hivyo akitabasamu," Ednah anasimulia. "Mimi nilikasirika. Sikujua ni mzaha wa mwisho mwisho."

Siku ya soko, mchana, ulimi wake ukawa mzito na mkono mmoja ukalegea. Kivuti alitaka kumkimbiza hospitali. Mwalimu alikataa kwa kichwa, akaonyesha dirisha, na kule nje soko lilikuwa limejaa. Walingoja watu wapungue. Walipomfikisha, daktari alisema wamechelewa, na kabla ya asubuhi Mwalimu Kaimenyi alikuwa amefariki.

Mchana uleule, wakati Ednah anampepea mumewe kwa kipande cha boksi, kijana wao Mutuma alimpigia Nasteho kutoka Nairobi. Alitaka kujua wazee wake wako wapi. Nasteho alitazama ratiba ya meli ukutani akamjibu kwamba leo wameshuka Zanzibar, na hali ya hewa ni nzuri.

Mutuma hakumtukana mazishini. Ilikuwa afadhali angemtukana. Alimsogelea mbele ya watu akamwambia, "Madam, mimi niliambia watoto wangu babu yao, guka, yuko beach. Wakachora picha. Sasa hizo picha nizipeleke wapi?"

Habari zilienea mji mzima. Wapo waliosema mwanamke wa Majengo amemuua mwalimu wao, na wapo waliosema wazee wenyewe walijitakia. Kikundi cha wastaafu kilichokuwa kinakusanya nauli ya meli kilivunjika. Hata mamake Nasteho, anayeishi naye, alimwambia afunge ofisi akauze nguo.

Hakufunga. Alifika kila siku, akafagia, akasoma habari za bandari. Chaki hakuigusa kwa miezi mingi.

Oktoba, Ednah alipanda ngazi peke yake, akipumzika kila baada ya hatua chache kwa sababu ya magoti. Nasteho anasema alisimama nyuma ya meza asijue aweke wapi mikono. Mama yule alikaa, akaomba maji, akasema anataka kwenda.

"Niliombewa safari, na sijasafiri," Ednah ananieleza, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Nikifa leo nitamkuta Mwalimu, ataniuliza bahari ikoje. Nitamwambia nini?"

Alitoa masharti mawili. Nasteho aende naye, kila mmoja na chumba chake. Na safari hii kila kitu kifanywe hadharani, maombi yawe yaleyale na kanisa liwe lilelile, hata kama watu watanong'ona. Mutuma aligoma kwa wiki kadhaa, halafu akakubali kwa ujumbe mfupi wa simu: mama aende, lakini yeye aambiwe ukweli kila siku.

Jana, Jumapili, wakamwombea. Watu walikuja wengi kuliko mwaka jana, wengine kwa mapenzi, wengine kuangalia tu. Mzee wa kanisa alibeba sanduku lilelile. Leo asubuhi wakamsindikiza Ednah hadi chini ya ngazi hizi, wakaimba mbele ya bucha, Abdishakur akasimamisha shoka mpaka walipomaliza.

Saa tatu na nusu simu inatetemeka sakafuni. Nasteho anaisoma akiwa bado amepiga magoti. Anaisoma tena. Uso wake haubadiliki sana, ila chaki aliyoishika inakatika.

Hamtazami Ednah kwanza. Anapiga namba ya Mutuma na kuweka sauti wazi, mama asikie.

"Mutuma, ni Nasteho. Meli haiji Mombasa. Wamebadilisha njia, wameniambia sasa hivi. Mama yako yuko hapa ofisini kwangu, Majengo. Hajaenda popote."

Mutuma anauliza, "Amesikia?"

"Nimesikia," Ednah anajibu. "Niko sawa. Rudi kazini."

Nasteho anaanza kueleza. Kampuni inasema itarudi Novemba, nafasi yao itahifadhiwa, anaweza pia kumpeleka Mombasa tu, akae ufukweni siku chache, aone maji. Anaongea haraka. Ednah anamwacha amalize, kisha anasimama kwa shida, anaingia kwenye chumba cha chaki kupitia mlangoni, kwa adabu, bila kukanyaga mistari. Anakaa ukingoni mwa kitanda, yaani sakafuni, na Nasteho anakaa karibu naye. Wote wawili wanalia, na mimi naangalia pembeni.

"Niandike Novemba," Ednah anasema baadaye. "Mwalimu atangoja. Yeye alikuwa anangoja hata wanafunzi waliochelewa."

Nasteho anauliza kama angependa apumzike kwa mamake, hapo jirani, hadi jioni watu watakapokuwa wameingia ndani. Anauliza kwa upole, akisha kuuliza anajiziba mdomo kwa mkono.

Ednah anajifuta chaki kwenye sketi. Anamwambia alete gari sasa, walipitishe mbele ya kanisa, na afungue kioo.

"Ukifika hapo nishushe," anasema. "Nataka kutembea na sanduku langu mchana, waone nikirudi."