Kadi ya Shangazi Sidi

Mwaka wa 1985, mwaka ule wa mtihani wa kwanza wa darasa la nane, Kanze alitengeneza kadi nyingi kuliko mwaka mwingine wowote, na karibu kila moja ilimchoma moyo.

Kikao chake kilikuwa barazani karibu na posta ya Malindi, ubavuni mwa cherehani ya Gerishom fundi nguo. Alikuwa na kipande cha gogo, nyundo, rundo la karatasi za manila na kopo la mihuri aliyoichonga mwenyewe kwa wembe kutoka soli za ndara kuukuu. Muhuri mmoja ulikuwa ua la asumini, mwingine kalamu, mwingine ndege wawili. Wino wake ulikuwa rangi ile ile ya kutilia ukili wa mikeka, zambarau na kijani, ameilowesha kwenye sponji. Vibati vya kukatia alitengenezewa na fundi bati wa sokoni, vina makali kama kisu: nyota, moyo, mwezi. Alikunja karatasi, akaweka kibati juu yake, akagonga pigo moja, na dirisha la nyota likatoboka kwenye kadi. Nyuma ya dirisha alibandika ile karatasi ya dhahabu ya ndani ya pakiti za sigara, na ukiigeuza kadi juani ile nyota ilikuwa ikiwaka.

Muhula wa tatu ulipoanza, watu wakaanza kumjia kwa kadi za saksesi, zile za kumtakia mtoto heri ya mtihani. Shuleni lilikuwa jambo kubwa. Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani, baada ya maombi, mwalimu alikuwa akisimama mbele ya shule nzima akizigawa kwa kuita majina. Aliyeitwa mara nyingi alirudi kukaa kichwa juu. Asiyeitwa alijifanya anafunga kamba za viatu.

Kanze naye alikuwa na mtahiniwa, Nyevu, binti yake wa pekee. Masha, baba yake Nyevu, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu matangani Kanze aliishi na hofu moja, kwamba ndugu za Masha wangekuja siku moja kutoka Magarini waseme, huyu mtoto ni wetu. Hawakuja. Ajabu ni kwamba hilo nalo aliwawekea kinyongo. Miaka mitatu, hata kuuliza mtoto anakula nini? Basi alimshika Nyevu kama mtu anavyoishika leso yake kwenye upepo, na hakupenda kuona mkono mwingine ukimkaribia.

"Mama Nyevu, nitengenezee moja ya Priscilla," alisema mke wa mwenye duka la mikate. "Weka lile ua. Na nyota, ile kubwa."

Priscilla alikuwa binti ya karani mmoja wa mjini, na alisoma darasa moja na Nyevu. Baba yake alijulikana na kila mtu, na ilionekana kila mtu alitaka kumtakia mwanawe heri. Muuza mikate, mwenye kinu cha kusaga, mwalimu wa kwaya, wote walipita kwa Kanze. Kadi ya Priscilla, Mama Nyevu. Nyingine ya Priscilla, Mama Nyevu, lakini isifanane na ya yule.

"Kwani wako naye yuko darasa la nane?" aliuliza mke wa mwenye mikate huku akipepea kadi ikauke.

"Yuko."

"Hata sikujua. Mkimya mno yule."

Akaenda zake. Kanze akabaki amekamata nyundo. Kadi iliyofuata ilikuwa ya Priscilla pia, na mkono ukamtuma kugonga upande, nyota ikakosa mguu mmoja. Aliitazama nyota yake kilema kwa raha, kitambo kidogo. Kisha akaitupa akakata nyingine, maana kadi mbovu ingemwaibisha yeye, si Priscilla.

Alijua vizuri kwa nini hakuna aliyemwagizia kadi ya Nyevu. Watu wao walikuwa wakulima. Wao wakimwombea mtoto heri humwombea kwa mdomo, wakiwa na kuku wakamletea kuku. Karatasi ya kukunja yenye dirisha hawakuizoea. Lakini kujua hakukumsaidia. Jioni moja Nyevu akamuuliza, akiosha miguu uani:

"Mama, kule upande wa baba wanajua nafanya mtihani?"

"Wanajua."

"Shangazi Sidi anajua?"

"Shangazi yako ana mikorosho yake. Maliza kuosha miguu."

Usoni mwa mtoto hapakubadilika kitu, na hilo ndilo lililomuuma Kanze zaidi. Alikuwa amekwisha kuzoea.

Asubuhi yake Kanze alichukua soli nyekundu aliyokuwa ameiweka akiba, akachonga muhuri mpya, bibo, lile tunda la mkorosho, pamoja na korosho yake imening'inia chini. Mtu yeyote akiliona bibo lile angesema kadi imetoka Magarini. Aliligonga pembe zote nne, akakata nyota katikati, na ndani ya nyota akabandika dhahabu isiyo na mkunjo hata mmoja. Hakuna kadi ya Priscilla iliyoifikia. Ya pili aliitengeneza kwa jina la kaka yake mwenyewe, Kiponda wa Kikambala. Ya tatu ilikuwa yake yeye, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, aliitia ua la asumini tu.

Yeye alisoma mpaka darasa la tatu, na mwandiko wake Nyevu aliujua. Kwa hiyo alimpa Gerishom kadi mbili za kwanza, maana fundi huyo ndiye aliyewaandikia watu barua.

"Andika, ni mimi shangazi yako Sidi, nakuombea heri, baba yako angefurahi."

Gerishom alivuta miwani. "Wifi yako alikuja mjini lini?"

"Ametuma salamu."

"Na kaka yako naye katuma salamu, wiki hiyo hiyo?"

"Andika, Gerishom. Usinihesabie ndugu."

Ijumaa, kadi zikiwa zimekwisha kufika kwa mwalimu, Kanze alikwenda shuleni kwa kisingizio cha kupeleka kifutio, akasimama nje ya ua wa michongoma. Priscilla aliitwa mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Kisha akasikia, "Nyevu Masha." Na tena, "Nyevu Masha." Na mara ya tatu. Mtoto alikwenda akarudi, akafungua ya mama yake kwanza, akatabasamu, akaiweka chini ya daftari. Akafungua ya mjomba. Ya bibo alipoifungua alikaa nayo muda mrefu, halafu akaiinua akawaonyesha wenzake, hata Priscilla akasogea kuitazama.

"Ni shangazi yangu," Kanze alimsikia akisema. "Dada yake baba."

Kanze alifurahi. Alifurahi hasa, mpaka alipofika njia panda. Hapo ndipo lilipomjia kwamba ile kadi iliyowekwa chini ya daftari ndiyo iliyokuwa na jina lake.

Nyumbani Nyevu alimuuliza kwa nini hakumwambia kwamba shangazi alimwagizia kadi. Kanze akasema aliombwa asitoe siri. Akadhani yamekwisha. Kwa kazi yote ile ya wembe na nyundo, jambo moja hakulifikiria, nalo alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe tangu mtoto akiwa hajui kuvaa viatu, kwamba ukipewa kitu na mkubwa, unakwenda mwenyewe kwake, unapiga shikamoo, unashukuru.

Mtihani ulipomalizika, Nyevu akasema, "Jumamosi nakwenda Magarini kumshukuru shangazi. Mjomba wa Kikambala ni mbali, huyo nimemwandikia."

"Shangazi yako saa hizi yuko shambani. Utamsumbua."

"Mama, wewe si ndiye unayesema mtu hashukuru kwa kutumana?"

Siku nzima ya Jumamosi Kanze hakukata kadi. Akilini alimwona Sidi akikunja uso, akisema kadi gani, mimi sikutuma kadi yoyote. Alimwona mwanawe amesimama kati ya mikorosho hana pa kuweka macho. Basi la alasiri likaja. Nyevu akateremka na mfuko wa korosho, na kuku kwapani, na kicheko ambacho Kanze hakukiona tangu Masha alipokuwa hai.

"Shangazi amefurahi, mama. Amesema lile bibo alilichagua mwenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Amesema alikuambia uligonge pembe zote nne."

Kanze alimchukua kuku akamfunga mguu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kwa hiyo si kwamba Sidi hakukana tu. Sidi alikuwa ameingia ndani ya kadi akaketi.

Wiki iliyofuata Sidi mwenyewe alitokea barazani, mwanamke mrefu, leso mbili, vumbi mpaka magotini. Aliketi bila kukaribishwa.

"Wifi, hujambo. Niambie, niliandika nini?"

"Nini?"

"Kwenye kadi yangu. Mtoto alinikuta napalilia, akanishika mikono, akaanza kulia. Mimi kusoma sijui. Nimesema ndiyo, ndiyo, ni mimi. Sasa akiniuliza nitajibu nini?"

Gerishom alisimamisha cherehani. Kanze akamsomea kwa kichwa, kwa sauti ya chini, mpaka pale pa baba yako angefurahi. Sidi akatazama barabarani.

"Maneno mazuri," alisema. "Ningeyasema mwenyewe kama ningekuwa na akili."

"Pembe nne je? Hizo zilitoka wapi?"

"Si alinionyesha kadi? Niliziona. Ulitaka nimwambie sijui? Usinitolee macho, wifi. Mimi nilikuwa naona haya kuja. Kaka amekufa, sina cha kuwaletea, naja kufanya nini? Wewe umenifungulia mlango."

"Sikukufungulia wewe."

"Basi nimeingia," akasema Sidi, na akacheka.

Na kweli aliingia. Mwezi wa Disemba wote hazikupita siku kumi bila yeye kuja, leo na mihogo, kesho na korosho mbichi za kukaanga. Nyevu alimkimbilia njiani. Walicheka mambo ya Masha akiwa mdogo, mambo ambayo Kanze hakuyajua, maana yeye alimkuta Masha keshakuwa mtu mzima mwenye masharubu. Kanze alikaa pembeni na mihuri yake, akisikiliza. Wivu juu ya Priscilla ulikuwa umemwisha kabisa, kama homa inayotoka kwa sababu imeingia nyingine.

Matokeo yakaja mwaka mpya. Alama za Nyevu hazikuwa mbaya, lakini shule za serikali hazikumwita. Kanze akasema atarudia darasa la nane hapa hapa Malindi. Alikwisha kulipanga jambo hilo moyoni, na hakumwambia mtu kwamba limemfurahisha kidogo. Ndipo Sidi akaja Jumapili na habari kwamba kuna shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wenyeji, imefunguliwa karibu na shamba lake, na mwalimu mkuu amekubali kumpokea Nyevu kidato cha kwanza.

"Atakaa kwangu," alisema Sidi. "Chumba kipo. Shule unaiona ukisimama mlangoni."

"Atarudia hapa," alisema Kanze.

"Arudie nini, na amefaulu?"

"Nimesema atarudia."

Nyevu alikuwa ameketi juu ya mkeka, magoti pamoja. "Mama," akasema taratibu, "mimi nataka kwenda. Shangazi alinikumbuka hata kabla ya mtihani, wakati upande wa baba hakuna mwingine aliyenikumbuka."

Neno likapanda mpaka kwenye ulimi wa Kanze. Ni mimi. Bibo ni langu, nyota ni yangu, hata maneno ni yangu, huyu hakujua hata siku ya mtihani. Sentensi moja tu, na mtoto angebaki. Alimtazama Sidi, na Sidi hakugeuza uso.

"Sema, wifi," alisema Sidi. "Una la kusema, sema. Mimi nitachukua leso yangu niende."

Nyevu alimtazama huyu, akamtazama yule, akingoja. Kanze aliona uso ule jinsi utakavyobadilika akisema. Angebaki, ndiyo. Angebaki akijua kwamba Ijumaa ile, mbele ya shule nzima, mama yake alimwita mara tatu na hakuna mwingine aliyemwita hata mara moja.

"La kusema ninalo," alisema Kanze. "Kila Jumamosi aje hapa. Si mara moja moja, kila Jumamosi. Na nywele zake namsuka mimi. Usimguse kichwa."

Sidi alifikiri kidogo, kwa heshima, kama mtu anayepewa masharti ya shamba.

"Kichwa ni chako, wifi. Mimi nitalisha tumbo."

"Na akiugua nitaitwa siku hiyo hiyo."

"Utaitwa."

"Nyevu, njoo."

Msichana akaja akaketi chini kati ya magoti ya mama yake, mgongo kwake. Kanze akachukua kitana, akagawa nywele kwa mstari ulionyooka, akaanza kusuka huku Sidi akitazama. Alisuka mistari midogo midogo, akivuta kila nywele kutoka mzizini.

"Mama, unaniumiza."

"Tulia," alisema Kanze. "Ni za kukaa mpaka Jumamosi."