Waya Mnene wa Vereniki

Vereniki alikuwa fundi umeme wa watu wote pale kijijini, huko Tailevu, lakini jikoni kwa mama yake mlikuwa na taa moja tu. Mama huyo, Bibi Akanisi, alipikia kuni tangu usichana wake, na kifua kilikuwa kimeharibika. Akianza kukohoa, jirani alijua moto umewashwa.

Vereniki akahangaika mpaka akampatia jiko la umeme, lenye oveni. Halafu akaleta kutoka mjini Suva waya mnene, kwa maana jiko la namna hiyo halitoshwi na waya wa taa. Akautundika ukutani, ungoje kufungwa Jumatatu.

Jumamosi akaingia Inoke, mtoto wa shangazi yake, na mzizi wa kava mikononi, ule wa kinywaji cha heshima.

"Mbona sura kama bata aliyenyeshewa?" Inoke akasema. Watani hawa hawakuwahi kusalimiana vizuri.

"Bata hajaja kuomba kitu. Wewe umekuja."

Inoke akacheka. Kisha akaketi chini, akauweka mzizi mbele ya Vereniki, na sauti ikawa nyingine. Jiko lake nalo limefika. Anauomba ule waya.

Ndugu akikuomba kwa kava, hapana haisemwi. Vereniki akaugusa mzizi, akapiga makofi ya kupokea. Waya ukaenda.

"Umempa," mama akasema toka mlangoni. "Haya. Na mimi?"

"Nitaleta mwingine, Mama."

"Nikishazikwa?"

Neno lile lilimchoma. Akaliunga jiko kwenye waya wa taa, roho ikimkataza. "Washa sahani moja tu ya kupikia, Mama. Oveni usiiguse."

"Nimesikia, mwanangu."

Kesho yake, katikati ya wimbo kanisani, aliona nafasi ya mama iko tupu, ndipo akakumbuka: leo ni zamu yao kumlisha mchungaji. Akatoka mbio, watu wakimkodolea macho.

Jikoni mlinuka plastiki. Sahani zote zinawaka, oveni inawaka, na ukuta nyuma ya swichi umegeuka rangi ya chai. Akazima swichi kubwa.

"Nyama ya mchungaji haijaiva," mama akalalamika.

"Nyumba ndiyo ilikuwa inaiva, Mama."

Akaenda moja kwa moja kwa Inoke. Akakuta jiko bado limo ndani ya boksi.

"Waya sinao," Inoke akasema, macho chini. "Alikuja mjomba wa mke wangu. Na kava yake. Ningefanyaje, Vere?"

Siku hiyo hawakutaniana. Vereniki akarudi, akapasua kuni, akamketisha mama nje penye upepo, akapika mwenyewe. Mchungaji alikula amechelewa na hakuuliza.

Waya wa pili alipouleta, aliufukia ukutani kabla hajavua viatu, kwa kuwa kilichomo ukutani hakiombwi. Mama akabonyeza swichi, jiko likapata moto bila moshi wowote. Akalitazama, akafurahi, akakohoa. Vereniki alisimama pale akingoja kikohozi kiishe.