Mkono Chini ya Kawa

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti iliyoifanya hata habari njema isikike kama adhabu. Siku aliyoniita ofisini nilidhani nimeshtakiwa, maana mdomo wangu miaka ile ulikuwa haujui kupumzika. Kumbe nimechaguliwa. Likizo ya Agosti kulikuwa na kambi ya hesabu na sayansi huko bara, ya wanafunzi wa sekondari kutoka kila pembe ya nchi, na shule yetu ya Likoni ilipewa nafasi moja. Ada na nauli zilikuwa juu ya mzazi. Zisipopatikana kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, nafasi ingepewa shule nyingine.

"Usihofu," akasema. "Tutafanya harambee."

Nilitaka kwenda. Vitabu vyote vya hesabu vilivyokuwa katika kabati la shule nilikuwa nimevimaliza, na vingine nilivirudia kwa hasira tu, kwa kukosa vipya. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamkuta baba barazani na wanafunzi wake. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, akiwasomesha watoto wa mtaa Kurani, na malipo yake yalikuwa kile wazazi walichojaliwa: leo bakuli la mbaazi, kesho dua peke yake. Pesa za kambi hazikuwako, na sote tulijua hivyo bila ya kuambiana.

"Harambee ni ya nini?" akauliza.

"Ya kuchanga, baba."

"Kuchanga nakujua. Nauliza harambee."

Sikuiona tofauti. Niliiona Jumatano.

Uwanja wa shule ulipangwa viti, meza kuu ikatandikwa kitambaa, na kipaza sauti kikaazimwa. Mtaa ulikuja, tena ulikuja umevaa: kanzu zimepigwa pasi, mabuibui yananukia udi. Mimi niliketishwa mbele, uso kwa uso na watu, kama biharusi asiye na bwana. Mwalimu mkuu alisimamia shughuli kwa desturi ya kwao. Mtoaji anakwenda mbele, anatajwa jina na kiasi chake, anapigiwa makofi, na anayefuata anaona vibaya kutoa kidogo kuliko mwenzake. Kwao hiyo ni heshima. Kwetu, anayeitangaza sadaka yake ameshaila mwenyewe, na kibaya zaidi ni kumtangazia mwenzio kidogo chake.

Mgeni wa heshima, mfanyibiashara kutoka ng'ambo ya kivuko, alitoa na akapigiwa makofi. Kisha akanadiwa jogoo, na mgeni huyo huyo akamnunua, kwa kuwa hakuna mwengine aliyeinua mkono. Ndipo akainuka mzee aliyekuwa akituuzia kahawa mtaani. Alikwenda polepole mpaka mezani, akamtia mwalimu mkuu mkononi kijikaratasi kilichokunjwa, akakifumba kiganja cha mwalimu kwa mikono yake miwili. Mtu wa kwetu yeyote angeelewa. Mwalimu akakikunjua kile kijikaratasi.

"Mzee wetu, shilingi tano! Mpigieni makofi!"

Wallahi hakuwa na nia mbaya. Meza kuu ikapiga makofi mawili matatu. Mzee alisimama kidogo akitazama kofia za watu waliokaa, kisha hakurudi kitini pake, akashika njia ya langoni. Niliwaona watu niliowajua tangu utotoni, waliokuwa wameshatia mikono mifukoni, wakiitoa mitupu na kuiweka magotini.

"Nani mwingine?" mwalimu akauliza. "Jitokezeni, msione haya."

Kumwambia mtu wa Likoni asione haya ni kumwambia avue nguo hadharani. Hakuna aliyetikisika. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu, nami nikawa namwomba Mungu amwinue mtu mmoja tu, yeyote.

Aliyeinuka ni baba. "Mwalimu, Mungu akulipe kwa nia yako," akasema, bila ya kukikaribia kipaza sauti. "Lakini mwanangu hanadiwi." Akanitazama. "Twende."

Nilimfuata nikiwa nimewachukia wote: yeye, mwalimu, mgeni wa heshima na jogoo wake. Nyumbani nililia kwa sauti ili nisikike. Alhamisi nzima hatukusemezana. Mama alimjaribu mara moja wakati wa chakula, naye akajibu, "Mimi n'shasema," na mama akaendelea kukatakata tonge lake bila ya kulila.

Ijumaa asubuhi nikamkuta mama uani akisugua sinia kubwa kwa jivu na limau, lile linalotoka kwa harusi tu. Kando yake aliweka kawa la ukindu la kufunikia pilau.

"Nani anakuja?" nikamuuliza.

"Atakayekuja."

Baba alitoka chumbani amevaa kwa sala. Akalitazama sinia, akamtazama mama.

"Bwana," mama akasema, "wewe umekataa kipaza sauti. Sadaka hukuikataa."

Baba alitengeneza kofia yake kwa muda mrefu. "Na nani atakayehisabu?"

"Mimi. Na nikisha nitasahau."

Akavaa makubadhi yake akenda zake msikitini.

"Hakusema la," mama akaniambia, akainuka. Alikwenda mferejini akamwambia mwanamke mmoja tu, akarudi. Kwa mtaa wetu mmoja alitosha.

Sinia liliwekwa chumba cha ndani, juu ya mkeka, limefunikwa kawa, na mlangoni pakatundikwa pazia. Maneno ya mama kwa kila aliyefika yalikuwa yale yale: "Ingia peke yako, tia mkono chini ya kawa, tokea mlango wa uani. Mwenye nacho atatia, asiye nacho atie mkono wake tu. Hapana anayetazama." Funika kombe mwanaharamu apite, nikasema moyoni, lakini sikuamini. Uwanja mzima na kipaza sauti chake umeshindwa, na sasa tutaokolewa na kawa?

Baada ya sala wakaanza kuja. Wanaume wakapanga foleni barazani, wanawake ukumbini, wakizungumza mambo ya bei ya nazi na homa ya watoto, kana kwamba wamekuja kutazama mgonjwa. Mzee wa kahawa alikuja. Mama alimwamkia kama alivyowaamkia wengine, wala hakumtupia hata neno moja la Jumatano.

Mimi niliketi karibu na pazia, na masikio yangu yakaingia ndani na kila mtu. Sarafu zililia juu ya sinia. Noti hazikuwa na sauti. Pakipita watu kadhaa bila mlio, nilijipa moyo kuwa ni noti. Kisha moyo ukanigeuka, nikasema labda ni mikono mitupu. Mama akanifinya.

"Usisikize."

"Nizibe masikio?"

"Soma kitu."

Halafu akaingia jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye na mama hawakusemezana tangu walipogombana kwa ajili ya maji machafu, na katika ugomvi ule mama alitukanwa matusi ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Alipita amejifunika, hakuamkia, na huko ndani akakaa zaidi ya wote. Niliinuka nichungulie. Mama alinishika nguo kwa nyuma, akanivuta nikaketi kitako.

Baada ya alasiri akaja mwalimu mkuu. "Mama, kesho ndiyo mwisho," akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Nataka kujua kama nitampa nafasi mwingine."

"Jibu liko ndani, mwalimu," mama akamjibu. "Lakini kuna foleni."

Aliwatazama watu, akalitazama pazia. Nilihofu atakasirika na kwenda zake, na kambi yangu aende nayo. Akavua viatu, akasimama nyuma ya muuza mahamri mpaka zamu yake ikafika. Alipotokea uani alimuaga mama kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo.

Karibu na magharibi mama akafunga mlango. Baba alikuwa amerudi, ameketi mkekani akitazama ukutani. Mama akaliinua kawa. Akaanza kupanga noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, midomo ikimwenda, nami sikuyatoa macho kwenye midomo ile. Kuna mahali ilisita, akaanza upya.

"Inatosha," akasema. "Na nauli ya kurudi."

Kabla sijapata kufurahi nikakiona, kati ya sarafu zilizobaki: kizibo cha soda.

Hasira zikanipanda. "Kuna mtu ametuchezea," nikasema. "Na mimi namjua. Amekaa mule ndani mpaka nikadhani amelala."

"Nyamaza," baba akasema. Akakichukua kizibo, akakidondosha siniani. Kikalia sawasawa na sarafu. "Umesikia? Huyu hakuwa na kitu. Aliogopa mkono wake usisikike, akaja na hiki. Alisimama kwenye foleni mbele ya watu, mfuko mtupu, kwa ajili yako." Akakigeuza kizibo kwa kidole. "Mimi ningekaa nyumbani."

Mama alikichukua kizibo akakitupa jaani, akaniambia kuwa akinisikia nauliza ni cha nani, bara sitakwenda.

Nilikwenda. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na kulikuwa na hesabu ambazo mwalimu wa kule mwenyewe alizikaribia kwa adabu, na nilifurahi kila saa niliyokaa kule. Siku ya mwisho tuliambiwa tusimame mmoja mmoja tumtaje aliyetulipia, tumshukuru. Mmoja akataja kampuni ya babake, mwengine kanisa lao. Mimi nikasema ni watu wa mtaani kwetu. Nikaulizwa akina nani. Nikasema sijui, wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe.

Niliporudi Likoni nilitembea kutoka kivukoni na sanduku kichwani, nikagundua kuwa siwezi kumpita mtu. Kila niliyemwona angeweza kuwa ndiye. Niliamkia mpaka koo likakauka. Mferejini nikamkuta jirani yetu anajaza ndoo. Tangu ule ugomvi sikuwahi kumpa salamu, na wala sikuwa nimemsamehe kwa alivyomtukana mama yangu. Sijamsamehe mpaka leo.

"Shikamoo," nikamwambia.

Alinitazama sana. "Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi."

"Wamekusomesha?"

"Wamenisomesha."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kuishika ndoo. Nikaweka sanduku langu chini, nikaichukua ndoo, nikajitwika na kumpelekea mpaka mlangoni pake. Sikujua kama ninalipa noti au kizibo, na njia nzima maji yakinimwagikia usoni niliona kuwa uzito ungekuwa ule ule.