Kinu Kilichoingia Kwenye Kalenda

Tuseme ukweli, kalenda ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya karatasi ya kung'aa, yenye picha ya Milima ya Uluguru juu, na chini yake matukio ya mwaka yamepangwa kwa rangi: siku ya makumbusho kahawia, ngoma nyekundu, michezo kijani. Editha aliipokea kwa mikono miwili, akaitundika ukutani pembeni ya kalenda ya Kanisa. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu aliamini kwamba kalenda ni kalenda.

Editha ni mtu wa saa. Ana miaka hamsini na saba, ni mjane, analima tangawizi, kunde na migomba michache kwenye miteremko ya upande wa Kinole, na kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye mgonga kengele wa kigango. Kengele yenyewe ni rimu kuukuu ya gari, lakini ikilia saa moja na nusu Jumapili, ujue ni saa moja na nusu. Katekista akichelewa, anakuta waumini wameshakaa na Editha amesimama mlangoni anamwangalia. Hasemi kitu, anaangalia tu, na katekista amewahi kukiri kwamba afadhali angetukanwa.

Anaishi na mama yake, Bibi Eufrazia, mwenye miaka themanini na tisa na asiye na jino hata moja. Chakula kinachompita Bibi vizuri ni kisamvu, kilichotwangwa mpaka kikalainika kabisa na kupikwa kwa karanga. Nacho kilikuwa kikitwangwa kwenye kinu alichochongewa na mjomba wake siku alipoolewa, kutoka gogo la mti wa mlimani ambao siku hizi ukiugusa kwa shoka utajieleza mbele ya askari wa misitu. Kilikuwa kinu kizito, cheusi kwa umri, kimelika upande mmoja kwa sababu Bibi ni wa mkono wa kushoto. Editha naye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo wala hakuona kasoro.

Katikati ya mwezi wa tano alikuja Evance. Alikuwa kijana kutoka mjini, wa Kamati ya Kalenda iliyoitoa kalenda ile, shati amelichomekea, simu mbili mkononi, na adabu zake zilikuwa kamili. Alimwamkia Bibi shikamoo, akamuuliza habari za miguu, za kifua na za usingizi, akasikiliza majibu yote. Kisha jicho lake likatua mlangoni mwa jiko, akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku nne. Kila tukio la kalenda, alieleza, litakuwa na banda la utamaduni, na banda linahitaji vitu halisi vya Waluguru, si vya kununua dukani.

Ndani ya kinu kulikuwa na mabaki ya kisamvu cha mchana, mabichi kabisa. Evance aliyapangusa kwa kidole, akafungua fomu na kuandika chini ya kichwa cha habari kilichosema: Vifaa vya Kale Visivyotumika Tena. Editha aliyaona maneno hayo. Aliyasoma yote, na ndiyo maana mpaka leo hana wa kumlaumu sawasawa. Lakini majirani walikuwa wameshajaa uani, na Evance alikuwa amesema kwamba jina la Bibi litaandikwa kwenye kibao na mkoa mzima utalisoma. Sifa ni tamu, na Editha hakuwa amewahi kulambishwa.

Fomu ilisema kifaa kitarudishwa baada ya tukio la mwisho. Tukio la mwisho lilikuwa tamasha la ngoma pale Kilakala, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Alihesabu kwenye kalenda mpya, akapata wiki saba. Wiki saba zinavumilika, akasema, akatia sahihi. Wanaume wawili wakakibeba kinu hadi kwenye gari wakihema, na katika kuhema huko wakausahau mchi nyuma ya mlango.

Wiki ya kwanza Editha aliazima kinu cha jirani yake Hosiana. Ni kinu cha mti laini, kinachotoa vijiti, na Bibi alivitema kimoja kimoja akavipanga ukingoni mwa sahani ili mwanawe avione. Wiki ya pili alipeleka majani kusagwa kwa mashine huko Mkuyuni. Bibi alionja, akasema kinanuka chuma, akafunga mdomo. Baada ya hapo ikawa uji asubuhi, uji jioni. Kila jioni aliuliza kama kinu kimerudi, na kila jioni Editha alimjibu kwa tarehe.

Mwezi wa saba ulipoingia, ujumbe wa Evance ulikuja siku mbili kabla ya tamasha: limeahirishwa, mgeni rasmi ana udhuru. Likasogezwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane kukawa na maonyesho ya wakulima, likasogezwa wa tisa. Mwezi wa tisa banda zima lilikuwa Gairo kwenye bonanza la michezo, nalo lililokuwa limeahirishwa, kinu kikitazama watu wakivuta kamba na kufukuza kuku. Editha alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka karatasi ikatoboka. Hata Pasaka huhama, alimwambia Hosiana kwa uchungu, lakini Pasaka huhama kwa kuaga. Padri anajua tarehe yake tangu mwaka uliopita.

Mwezi wa kumi aliamua kukifuata mwenyewe. Kalenda iliyofutwafutwa sasa ilionyesha mbio za baiskeli Mikese, Jumamosi, saa mbili asubuhi, na banda la utamaduni pembeni. Aliondoka nyumbani alfajiri, akafika saa mbili kasoro dakika kumi. Alikuta mstari wa chokaa uliofifia, chupa tupu za maji, na mwanamke akichoma mahindi. Mwanamke yule alimwambia kwa huruma kwamba mbio zilishakimbiwa tangu Alhamisi, maana mgeni rasmi alikuwa akipita siku hiyo kwenda Dar. Editha alisimama pale kando ya barabara kuu, malori yakimpita, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, hasira ya mtu ambaye hajawahi kumchelewesha yeyote.

Aliporudi alimkuta Bibi amelala mchana. Mkono wake ulikuwa umetoka nje ya shuka, na Editha aliona jinsi ulivyokonda. Mganga wa zahanati alikuwa ameshasema hana ugonjwa wowote, ale tu. Ni rahisi kusema.

Mwisho wa yote tarehe ikapatikana, Jumamosi ya pili ya Novemba, na safari hii Evance alipiga simu mwenyewe kuapa. Editha aliuchukua mchi, akauviringisha kwenye kanga na kuondoka nao kama ushahidi. Mtu akibisha kwamba kinu si chake, mchi utasema.

Saa tatu asubuhi alikuwa uwanjani Kilakala. Banda la utamaduni lilikuwa la pili kutoka jukwaani, na kinu kilikuwa katikati yake juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kimepakwa vanishi. Vanishi! Mbele yake kulikuwa na kibao: "Kinu cha kale. Waluguru walikitumia zamani kutwangia vyakula. Usiguse." Jina la Bibi Eufrazia halikuwapo. Editha alikisoma kibao mara mbili, akazunguka nyuma ya meza kuangalia kama jina limeandikwa huko. Halikuwapo huko pia.

Evance alimpokea vizuri. Alimpa kiti na soda, akamweleza mpango bila kuficha: mgeni rasmi anafika saa nne, anazungukia mabanda, anahutubia, jioni banda linafungwa, na gari la kamati litambeba Editha na kinu chake hadi mlangoni kwake. Fomu ilikuwa mfukoni mwake, imebaki sahihi tu.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Vikundi vya ngoma vilikuwa vimejipaka unga usoni tangu asubuhi, na sasa unga ulikuwa ukichuruzika na jasho. Mshereheshaji alisema mgeni yuko njiani. Baada ya saa moja akasema tena yuko njiani, na watu wakacheka. Saa nane mtu wa banda la jirani, la mboga za majani, alisema amesikia wakubwa wakinong'ona: huenda shughuli nzima ikahamishiwa wiki ijayo.

Editha akasimama. Hakupanga, na baadaye alipoulizwa hakuweza kueleza. Alimwomba mwenye mboga fungu la kisamvu, akapewa. Aliondoa kibao. Alikikumbatia kinu, akakishusha chini, akakaza kanga kiunoni, akaanza kutwanga. Kama kinu hakiendi kwa mama, basi chakula kitakwenda, na anayetaka kuleta polisi alete. Alitwanga kwa hasira ya miezi sita. Mchi ulianguka pale pale ulipozoea kuanguka, upande wa kushoto, na vanishi ikabanduka vipande vipande.

Watu wakaanza kukusanyika. Simu zikainuliwa. Kikundi kimoja cha ngoma, kilichochoka kungoja, kikaushika mdundo wa mchi na kuuingizia makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Editha aliwaambia waache, yeye hachezi, anatwanga mboga ya mama yake. Wakashangilia zaidi, maana walidhani na hayo ni sehemu ya onyesho. Na wakati huohuo, kama kwa makusudi, magari matatu meupe yakaingia uwanjani.

Mgeni rasmi alikwenda moja kwa moja kwenye umati. Alisimama, akatazama, akapiga makofi. Alichukua kipaza sauti akasema amezunguka mikoa mingi akionyeshwa vitu vilivyokufa, lakini leo Morogoro imemwonyesha utamaduni ulio hai. Akaagiza, mbele ya kamera, mama huyu na kinu hiki wawepo kwenye kila tukio la kalenda ya mwaka unaokuja. Akampa Editha mkono. Editha alijaribu kumweleza, lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza, na mgeni alitikisa kichwa kwa furaha kama mtu anayeshukuriwa.

Jioni alimfuata Evance. Kijana alikuwa anatabasamu bado, ila alipomwona amebeba mchi tabasamu likampungua.

"Mwanangu, uliniahidi ni jioni hii," Editha alisema.

"Niliahidi, mama. Lakini agizo umelisikia mwenyewe. Kikitoka bandani leo, kesho mimi ndiye nitakayeulizwa." Alitazama chini, kisha akasema kwa upole uliomchoma Editha kuliko tusi: "Ungesubiri nusu saa tu, mama. Nusu saa tu ungeondoka nacho."

Editha angeweza kumtupia maneno, na maneno alikuwa nayo, lakini yote yalirudi kwake mwenyewe. Evance alitoa rasimu ya kalenda mpya kwenye mkoba, akaandika jina lake kwa kalamu kwenye kila tukio, akampa nakala pamoja na cheti cha ushiriki. Mchi wakaona ubaki na kinu, ili seti ikamilike.

Alilala kwa binamu yake mjini, akakichemsha kile kisamvu usiku uleule kisichache, na kesho yake akapanda gari nacho kikiwa kwenye kopo. Jumapili hiyo kengele iligongwa na Hosiana, saa mbili na robo.

Nyumbani alikipasha moto, akatia karanga, akampelekea Bibi bila kusema kimetoka wapi. Bibi Eufrazia alionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Akaonja tena, kisha akaishika bakuli kwa mikono yake yote miwili na kula hadi mwisho, akapitisha kidole ukingoni, akakilamba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Editha alikaa kwenye kigoda akimtazama.

"Kinu kimerudi," Bibi alisema.

"Hakijarudi, mama."

"Basi kingine nitakula lini?"

Editha aliikunjua ile rasimu mapajani. Jina lake lilikuwapo kweli, mara tano, kwa wino wa bluu. La kwanza lilikuwa siku ya makumbusho, tarehe kumi na nane Mei, na chini kabisa ya ukurasa palikuwa na maneno madogo yakisema tarehe zinaweza kubadilika. Hayo hakumsomea.

"Mwezi wa tano, mama."

Bibi alianza kuhesabu kwa vidole, kuanzia Desemba. Mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili.

"Mbali," akasema, akamrudishia bakuli.