Dengu za Msiba wa Baba

Miaka ile soko huria lilipoingia, kiwanda alichofanyia kazi baba kilifungwa. Akaugua, na mwaka haukuisha akafariki. Tulimzika kijijini kwetu Nduruma bila hata mbuzi wa kuchinja.

Mama alibandika sufuria kubwa ya dengu. Alijifunza kuzipika kwa Wahindi aliowafanyia kazi za ndani mjini. Alikaanga vitunguu, tangawizi na bizari mpaka harufu ikajaa ua mzima, akamimina nyanya, kisha dengu zilizokwisha kuiva. Mimi nilikoroga.

Baba mkubwa alipopewa sahani, aliitazama akaiweka chini.

"Shemeji, mdogo wangu anazikwa kwa dengu?"

"Ndicho chakula alichokuwa anakula, shemeji," mama alimjibu. "Ungekuja akiwa mgonjwa, ungekula naye."

Baba mkubwa alichukua kofia yake akaondoka, na nusu ya ukoo ikamfuata. Waliobaki walikula, wengine wakaomba kuongezewa. Mama hakuonja.

Walioondoka hawakukanyaga tena kwetu. Dengu walizoziacha kwenye sahani tulizirudisha sufuriani, tukazila mpaka zikaanza kuchacha.