Cheni ya Ruweida

Kabla ya masika ya mwaka huu, ukimuuliza Fundi Duni wa Pujini cheni ya baiskeli ya gia hudumu muda gani, ulikuwa umejitakia mwenyewe. Angekutolea rula yake ya chuma akuoneshe kuwa cheni mpya, ukiipima pingili ishirini na nne, pini hadi pini, hukaa barabara kwenye inchi kumi na mbili. Ikizidi kwa unene wa kijiti cha kibiriti, imeshatanuka. Ing'oe leo, kabla haijayatafuna na meno ya gia. Kisha angeanza kukusema. Tope huifuti, mafuta huitii, kwenye maji ya chumvi waipitisha, halafu waja kumlaumu aliyeiunda. Kwa mtunzaji, mwaka na nusu. Kwa mtu kama wewe, masika moja tu. Wengine walikuwa wakienda bandani kwake makusudi, kusikiliza wanavyotukanwa kwa adabu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kusemwa, naye ni binti yake, Ruweida. Alikulia kwenye banda lile, grisi hadi viwikoni, na alipoanza kupanda baiskeli mtaa ulinong'ona mtoto wa kike gani huyu. Mama yake, Bi Siti, akawajibu kuwa miguu ni ya mwanawe, si ya mtaa. Ruweida akaolewa Kiuyu, akawa mwalimu wa skuli huko huko, na Duni akampa baiskeli ya gia aliyoiunda kwa vipande vya baiskeli nne. Kutoka nyumbani kwake hadi barabara ya lami kulikopita magari ni kilomita tisa za udongo na mawe.

Bi Siti alipoanza kuugua, ugonjwa wa kummaliza kidogo kidogo, Ruweida akawa anakuja kila Ijumaa. Siku moja Duni aliipima cheni ya mwanawe, akakuta imezidi kijiti. Akenda Chake Chake akanunua mpya, akaitundika ukutani bandani ili amfungie wiki ya pili yake.

"Usimcheleweshe," Bi Siti alimwambia kutoka kitandani. "Siku n'takayomwita, nataka aje mbio."

Kabla Ijumaa haijafika, akaja jirani yake Hamdan, cheni mkononi, vipande viwili. Alikuwa anakwenda Chokocho kumposea mwanawe wa kiume. "Yakhe Duni," alisema, "na ile pale ukutani?"

Duni, mwenye ulimi mkali kama msasa, hakujua kusema hapana. Mtu kasimama mlangoni, kitu kinaonekana, kumwambia hakitoki ni kumvunja uso. Alitaka kusema ni ya mwanangu. Badala yake akaitungua, akamfungia.

Ruweida alipokuja, baba yake akaitoa ile kuukuu, akakata pingili mbili, akaiunga tena. Ikakaza, ikaonekana nzima. Ulikuwa mchezo ule ule aliokuwa akiwatukania watu. "Itakusogeza wiki mbili tatu," alimwambia, na habari ya ile mpya hakuitaja. Wiki tatu zikawa miezi miwili. Masika yakaingia.

Asubuhi ya Jumatano Bi Siti alishindwa kumeza hata maji. Duni akampigia simu mwanawe saa moja. Mume wake, Nassor, alikuwa dago, kambi za mbali ambako wavuvi hulala majuma, na bodaboda la kijijini lilikuwa limeshatoka na abiria.

"Usihangaike, baba," alisema Ruweida. "Nna baiskeli yako."

Duni aliyapenda maneno hayo. Akarudi chumbani, akaushika mkono wa mkewe, na saa tatu mkewe akakata roho.

Kule maiti hawekwi, huzikwa siku ile ile. Na kwa kuwa wanawake hawaendi makaburini, mtoto wa kike humuaga mama yake ndani ya nyumba, uso ukiwa wazi. Jeneza likishatoka mlangoni, ndiyo basi. Shehe Rajab alilijua hilo, akamvuta Duni pembeni. "Tumzike baada ya adhuhuri, au tumngoje binti hadi alasiri? Weye ndiye wa kusema."

Duni akapiga hesabu yake ya kifundi. Kilomita tisa, saa moja na kitu, tope likiwamo. Kisha gari. "Adhuhuri haimkuti njiani," alisema. "Baiskeli ile nimeiunda mie."

Basi watu wakatangaziwa adhuhuri. Ilipoadhiniwa, Ruweida hajafika na simu yake haipatikani. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliotoka mbali, kaburi liko wazi, mawingu yanakusanyika. Duni bado angeweza kuunyanyua mkono, akasema jamani, tungojeni. Aliona haya. Jeneza likatoka.

Ruweida aliingia wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Buibui lilikuwa tope hadi magotini, mikono myeusi kwa grisi. Wanawake walimpokea kwa kilio, akajua. Baadaye akamfuata baba yake bandani.

"Ilikatika, baba. Nikaitoa pini kwa jiwe, nikaiunga. Ikakatika tena. Simu ikaingia maji. Nikaiburura baiskeli hadi lami, gari limeshapita. Kosa langu. Kila siku wawaambia watu mwaka na nusu, na yangu ilishapita. N'liona haya kukuomba mpya, utadhani sikuitunza. Mama sikumwona kwa uzembe wangu mwenyewe."

Nani angejua, lau Duni angenyamaza? Hamdan hakujua cheni ile ilikuwa ya nani, na aliyejua wamekwisha mzika. Lakini kumwona mwanawe akiubeba mzigo ule kulimshinda.

"Mpya ilikuwapo," alisema. "N'likununulia weye. Nikampa mtu, kwa haya tu. Na leo Shehe aliniuliza kama wakungoje. N'kamwambia utawahi."

Ruweida alijifuta mikono kwenye buibui, grisi isitoke.

"Mama aliniulizia?"

Duni alitamani amdanganye, japo kwa hili moja.

"Mara mbili," alisema. "Mara ya tatu sauti ilishakwisha. Alikuwa akiutazama mlango."